Urujuani wa Usambara: Jina Moja, Mimea Miwili, na Usalama wa Mama Mjamzito

Misitu ya Milima ya Usambara ina mimea mingi isiyopatikana penginepo duniani. Miongoni mwa mimea hiyo, ni michache iliyosafiri mbali kama urujuani wa Usambara, ua dogo la zambarau ambalo leo hupamba madirisha ya nyumba huko Ulaya na Marekani. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, maana yake urujuani wa Usambara, na kwa njia hiyo jina la milima yetu hutajwa kila siku na watu wasiowahi kuiona.

Kwa daktari, mmea huu una somo la ziada. Jina lake limeazimwa kutoka kwa mmea mwingine kabisa, na katika jamii ya mmea huo mwingine zimo kemikali zenye nguvu ambazo mjamzito hapaswi kuzifanyia majaribio. Makala haya yanaeleza mimea hiyo miwili, tofauti zake, na sababu ya tofauti hizo kuwa jambo la afya.

Mmea utambaao kwenye miamba

Urujuani wa Usambara uliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1893. Mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa amempelekea baba yake mbegu za mmea huo, na mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaupa jina Saintpaulia ionantha. Baadaye aina nyingine zilitambuliwa. Mwaka 1921 Adolf Engler aliitaja Saintpaulia grotei, aina itambaayo ya Usambara ya Mashariki. Usambara ya Magharibi, iliko Lushoto, nayo ina aina yake, Saintpaulia shumensis, iliyopewa jina la Shume. Tangu mwaka 2015 wataalamu wengi huiweka mimea hii yote ndani ya jenasi ya Streptocarpus, kwa kuwa uchunguzi wa vinasaba umeonyesha undugu wao.

Aina itambaayo ina shina jembamba linalolala juu ya mwamba na kutoa mizizi kwenye vifundo vyake. Majani yake yanakaribia kuwa mviringo, yana vinyweleo, meno madogo pembeni na vikonyo virefu. Ile ya Shume haitambai hivyo. Majani yake madogo hujipanga kwa duara karibu na ardhi, na maua yake ni meupe yenye kivuli cha zambarau katikati.

Mimea hii huota hasa kwenye miamba yenye kivuli, palipo na kuvumwani na unyevu, mara nyingi kando ya vijito. Udongo unaohitaji ni mdogo sana. Ufa wa jiwe wenye mboji kidogo hutosha. Kisichoweza kukosekana ni kivuli cha miti mikubwa. Mti ukikatwa, jua hufika kwenye mwamba, kuvumwani hukauka, na mmea uliodumu hapo kwa vizazi vingi hutoweka katika muda mfupi. Kwa sababu hiyo hifadhi kama ile ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na ile ya Magamba huko Lushoto, hulinda mimea hii kwa kulinda miti iliyo juu yake.

Urujuani usio urujuani

Urujuani halisi ni wa jenasi ya Viola. Aina yake moja ya kiasili katika nyanda za juu za Afrika ni Viola abyssinica, ambayo nayo hutambaa. Shina lake ni jembamba kama uzi, na majani yake yana umbo la moyo. Huota mahali penye unyevu milimani, pembeni mwa misitu, katika nchi nyingi kuanzia Ethiopia kuelekea kusini.

Mtu akiitazama mimea hii miwili kwa haraka ataona mambo yaleyale: mmea mdogo utambaao, ua dogo la petali tano, rangi inayoelekea zambarau. Akitazama kwa makini atatofautisha. Ua la urujuani halisi lina kifuko kidogo kilichochomoza nyuma ya petali ya chini, na stameni zake ni tano. Ua la urujuani wa Usambara halina kifuko hicho, na katikati yake huonekana stameni mbili za manjano. Majani ya urujuani wa Usambara ni manene na yenye vinyweleo. Ya Viola abyssinica ni mepesi. Kwa nasaba, mimea hii haina udugu wa karibu, ingawa Wazungu waliiita kwa jina moja kwa kufananisha maua.

Matumizi yake pia hayafanani. Urujuani wa Usambara ni ua la pambo. Hauhesabiwi miongoni mwa mimea yenye sumu, lakini kutokuwa sumu hakuufanyi kuwa dawa. Urujuani halisi wa Ulaya, Viola odorata, umetumika kwa karne nyingi kama dawa ya jadi ya kikohozi. Msomaji anayekuta habari hizo kitabuni au mtandaoni, kisha akachuma jani la Usambara kwa kuwa jina ni moja, atakuwa ametumia mmea usiohusika. Makosa ya upande wa pili ni mazito zaidi, kama tutakavyoona.

Funzo kutoka Kongo

Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alifanya kazi na Msalaba Mwekundu nchini Kongo. Huko aligundua kwamba wanawake walikunywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata, kwa jina la kisayansi Oldenlandia affinis, ili kuharakisha uchungu wa kujifungua. Alipouchunguza alikuta ndani yake peptidi zinazoukaza mji wa mimba.

Umbo kamili la peptidi kuu lilifahamika mwaka 1995. Asidi amino zake 29 zimeungana ncha kwa ncha kuwa pete, na pete hiyo imefungwa kwa vifungo vitatu vya salfa. Umbo hili ndilo siri ya nguvu zake. Protini nyingi huharibika zikichemshwa au zikifika tumboni, lakini hii hustahimili moto wa sufuria. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya peptidi za mmea huo hujishikiza kwenye vipokezi vilevile vinavyotumiwa na oksitosini, homoni ya uchungu.

Peptidi za kundi hili huitwa saiklotaidi, na jamii ya urujuani halisi ni miongoni mwa jamii zenye saiklotaidi nyingi zaidi. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamezipata katika Viola abyssinica ya nyanda za juu za Ethiopia. Si kila saiklotaidi hukaza mji wa mimba. Nyingine huua wadudu, na nyingine huharibu chembe hai. Hivyo haifai kusema kwamba urujuani wa milimani ni dawa ya uchungu, wala kwamba ni kinywaji kisicho na madhara.

Yanayomhusu mama mjamzito

Matumizi ya miti shamba ya kuongeza uchungu yanajulikana katika sehemu nyingi za Tanzania, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema na bibi, mama mkwe au mkunga wa jadi. Kisa cha kalata-kalata chathibitisha kwamba baadhi ya mimea hiyo hufanya kazi kweli. Hatari yenyewe iko hapo hapo, kwani dawa inayofanya kazi inaweza pia kuzidi kipimo.

Hospitalini oksitosini hutolewa kwa matone yanayohesabiwa, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa, na matone husimamishwa mara mikazo inapozidi. Kikombe cha chai kikishanywewa hakirudi. Nguvu yake hubadilika kwa umri wa mmea, msimu na wingi wa majani. Mikazo ikifuatana bila kupumzika, damu hupungua kumfikia mtoto kupitia kondo. Mji wa mimba unaweza kupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi au ambaye mtoto amekaa vibaya. Kwa familia iliyo kijijini milimani, ambako barabara huteleza wakati wa mvua, muda wa kufika kwenye chumba cha upasuaji huenda usitoshe.

Dalili za kukimbilia kituo cha afya ni hizi: uchungu mkali usioachia, damu kutoka ukeni, mtoto kupunguza kucheza, au uchungu kukatika ghafla huku mama akilegea. Mama au ndugu aseme bila kuficha alichokunywa na, ikiwezekana, alete mmea wenyewe. Nasi wahudumu tuulize kwa upole na bila lawama, kwa maana mama akitishwa atanyamaza, na ukimya huo utamnyima tiba sahihi.

Kwa waganga wa tiba asili, ambao shughuli zao zinatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, ombi ni kuthibitisha utambulisho wa mmea kabla ya kuutumia. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ina hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa hapo Lushoto, na jani lenye ua lake hutosha kuanzia kazi hiyo. Ua liletwe pamoja na jani, kwa sababu katika mimea hii miwili ni ua linaloonyesha upi ni upi.