Paneli ya jua ya kuchomeka ukutani: sheria ya Utah yasemaje

Mwaka 2025 jimbo la Utah, Marekani, lilipitisha sheria, H.B. 340, inayomruhusu mkaazi kuweka paneli ndogo za jua nyumbani na kuzichomeka kwenye soketi ya kawaida, bila mkataba na kampuni ya umeme wala ada. Mwisho ni wati 1,200. Ujerumani wako mbele zaidi, ingawa kwao kiwango ni wati 800.

Utauliza, soketi si ya kutoa stima? Naam, lakini waya hauchagui upande. Inveta hulinganisha umeme wa paneli na ule wa nyumba. Friji na feni hutumia huo kwanza, kampuni hujazia upungufu, bili ikashuka.

Kiini cha sheria hiyo ni usalama. Stima zikipotea, kifaa lazima kijizime chenyewe papo hapo. Fundi aliyepanda mlingoti akiamini waya umekufa asije akauawa na paneli ya mtu barazani. Kwa hivyo anayetaka dawa ya giza hakuipata hapa: bila betri na mtambo wa kujitenga na laini ya kampuni, mtaa ukizima nawe umezima.

Nawaambia hili ndugu zangu wa Mombasa na Lamu mapema, kabla wachuuzi hawajafika. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120, sisi ni 240. Na kwetu bado kufunga sola ni kazi ya fundi mwenye leseni.