Pombe Kali Nayo Huchacha

Novemba 2015, Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, watu walipanga foleni nje ya maduka ya vileo mjini Chicago wakisubiri bia moja. Bia hiyo ni Bourbon County Brand Stout ya kiwanda cha Goose Island. Ni nyeusi kama kahawa iliyokolea, nzito kiasi cha kuacha michirizi kwenye glasi, na kileo chake kinakaribia asilimia 14. Hulazwa miezi kadhaa ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kuhifadhi wiski ya bourbon. Hutoka mara moja kwa mwaka, na wapenzi wake hununua chupa mbili tatu: moja ya kunywa mapema, nyingine za kuweka kabatini miaka mitano au hata kumi.

Miezi haikupita mingi, baadhi ya waliofungua chupa zao wakakuta kitu kingine. Palipostahili ladha ya chokoleti, vanila na mwaloni uliochomwa, ulimi ulipokewa na uchachu wa limau. Januari 2016 kiwanda kilikiri kwamba aina mbili za toleo lile, ile ya kahawa na ile iitwayo Barleywine, zilikuwa na chupa zilizoingiliwa na bakteria, kikatangaza kurudisha fedha za wanunuzi. Julai mwaka huohuo orodha ikarefuka, na safari hii ilizigusa hata baadhi ya chupa za bia yenyewe ya asili. Mhusika alitajwa kwa jina lake la kisayansi: Lactobacillus acetotolerans.

Kwa sisi tunaoshughulika na vijidudu vya vyakula na vinywaji, kisa hiki kina mafunzo mengi, na hata msomaji asiyegusa kileo anayo sehemu yake. Swali linaloulizwa kila kinaposimuliwa ni lilelile: bia yenye nguvu kiasi hicho inaharibikaje? Kwani kileo si ndicho kinachoua vijidudu? Imani kwamba ukali ni ulinzi imeenea sana, na nadhani ndiyo inayoponza wengi.

Neno moja, mambo mawili

Kiswahili kimelijua jambo la kuchacha zamani. Togwa ikichacha huwa tayari. Wali ukichacha hutupwa. Neno ni moja kwa kuwa kazi ni ya aina moja: vijidudu vinakula, vinaacha vilichokitoa mwilini mwao, na chakula kinageuka. Kama mgeuko huo ni baraka au hasara, hilo huamuliwa na aliyekiandaa na alichokusudia.

Chukua tone la togwa, lipake kwenye kioo, litie rangi ya zambarau ya maabara, kisha litazame kwa hadubini inayokuza mara 1000. Utaona chembe za hamira, za mviringo kama mayai, nyingine zikiwa na kichipukizi ubavuni. Kati yake utaona vijiti vyembamba vya zambarau, viwili viwili au vimeungana kama mnyororo. Ni vidogo mno: panga 300 kwa urefu na hutaimaliza milimita moja. Hao ndio jamaa wa Lactobacillus. Wanakula sukari na kutoa asidi ya laktiki. Ndani ya togwa asidi hiyo hushusha pH hadi chini ya 4, na vijidudu vingi viletavyo kuhara hushindwa kustawi. Ndani ya maziwa, asidi hiyohiyo ndiyo inayoyagandisha yakawa mtindi.

Ubelgiji wako watengenezaji wa bia iitwayo lambiki ambao huwaachia wageni hawa mapipa yao kwa makusudi, mwaka mmoja hadi mitatu. Anayenunua lambiki anataka uchachu na amelipia uchachu. Aliyesimama foleni Chicago alilipia kitu kingine.

Kuta nne za bia

Bia ya kawaida ina kuta nne zinazoikinga. Ya kwanza ni kileo. Ya pili ni hopsi, maua yanayoipa uchungu. Ya tatu ni asidi yake ya kiasi, pH ikiwa kati ya 4 na 4.5 hivi. Ya nne ni ukosefu wa oksijeni ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Kwa sababu ya kuta hizo, vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo havistawi katika bia. Ndiyo maana bia iliyochacha kwa Lactobacillus haimdhuru mnywaji. Kilichoharibika ni ladha, na pamoja nayo imani ya mnunuzi.

Lakini wapo bakteria wachache waliojifunza kuruka kuta zote nne. Tazama hopsi. Asidi zake hupenya utando wa bakteria zikiwa zimebeba chembe za haidrojeni, huziacha ndani, na kuvuruga mfumo ambao bakteria hutegemea kuvuta chakula. Wengi hufa njaa huku sukari imewazunguka. Waliozoea bia wana pampu kwenye utando wao zinazozitapika asidi hizo nje.

Lactobacillus acetotolerans yeye ana historia ya pekee. Wanasayansi wa Japani walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1986, baada ya kumtoa kwenye siki ya mchele iliyokuwa ikichachushwa. Aliweza kuhimili asidi ya siki ya asilimia 4 hadi 5, kiwango cha siki tunayotia kwenye kachumbari. Aliyelelewa ndani ya siki hatishwi na bia.

Humo ndani anakuta na riziki. Bia nzito ya namna hii huanza na kimea kingi, na hamira haiwezi kuimaliza sukari yote. Kileo kikipanda, hamira yenyewe huchoka na kufa. Chembe zake zikipasuka humwaga virutubisho ambavyo Lactobacillus huvihitaji sana. Kwa hiyo nguvu ya bia hiyo inamfukuza bakteria kwa mkono mmoja na kumwandalia meza kwa mkono mwingine. Anachohitaji ni muda, na muda ndicho kitu ambacho bia hii hupewa kwa ukarimu.

Mlango wa mbao

Kisha kuna pipa. Kwa sheria ya Marekani, bourbon lazima ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja huuzwa, na watengenezaji wa bia ni miongoni mwa wateja wake. Lina ukubwa wa lita 200 hivi. Ukiupasua ubao wake utaona upande wa ndani mweusi wa mkaa, kisha milimita kadhaa za mbao zilizoingia rangi ya wiski, na mstari unaoonyesha pale wiski ilipoishia. Humo ndimo inamotoka ile ladha ya vanila na karameli ambayo bia huja kuichukua.

Tenki la chuma huoshwa kwa magadi makali na asidi mpaka likang'aa. Ubao una vinyweleo na nyufa ambazo hakuna brashi inayozifikia, na ukiuchemsha vikali unaipoteza ile ladha uliyoinunulia pipa. Na pipa si mlango pekee. Kila bomba, kila vali, kila mdomo wa mashine ya kujazia, na kila kiungo kinachoongezwa baada ya bia kuiva ni nafasi nyingine ya mgeni kupenya.

Kwa nini maabara haikumnasa mapema? Kipimo kilichozoeleka ni kupaka bia kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kusubiri madoa yaote. Acetotolerans huota polepole, na akiwa ndani ya bia anaweza kuingia katika hali ya kuwa hai bila kuota kabisa kwenye sahani. Sahani inabaki nyeupe na mpimaji anaandika kwamba bia ni safi. Kipimo cha vinasaba, kinachotafuta DNA ya bakteria mwenyewe, hakidanganyiki kirahisi hivyo. Tukumbuke pia kwamba Goose Island ilikuwa tangu mwaka 2011 mali ya Anheuser-Busch, moja ya kampuni kubwa kabisa za bia duniani, na bado kijidudu kilipita. Siku ya kujaza chupa wanaweza kuwamo bakteria wachache tu, na mwonjaji hodari asihisi lolote. Wiki kadhaa kwenye joto la sebuleni zinatosha kuwageuza wachache kuwa umma.

Moto wa sekunde chache

Dawa ambayo Goose Island iliichagua ni ya kale: joto, kwa njia iliyobeba jina la mwanasayansi Louis Pasteur. Mwaka 1871 Pasteur alikitembelea kiwanda cha Whitbread jijini London, akaomba hamira ya bia yao nyeusi na kuiweka chini ya hadubini. Aliwaonyesha wenyeji wake kwamba imechanganyika na vijidudu vingine. Aliporudi, wiki ikiwa haijaisha, alikuta wamekwisha kununua hadubini yao wenyewe. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi ya bia.

Kuanzia toleo la 2016 Goose Island ilianza kuipitisha bia hii kwenye joto kali kwa muda mfupi kabla ya kuijaza chupani. Hesabu yake ni rahisi. Dakika moja kwenye nyuzi 60 za Selsiasi huhesabiwa kuwa kipimo kimoja cha mauaji ya vijidudu. Kila ukiongeza nyuzi 7 hivi, kazi hiyo hutimia kwa sehemu ya kumi ya muda. Kwenye nyuzi 74, sekunde 15 tu zinatoa vipimo 25, kisha bia hupozwa haraka kabla haijapata ladha ya kupikwa.

Baadhi ya wapenzi wa bia walilalamika. Kwao bia iliyopitishwa motoni imekufa, na hamira hai ni sehemu ya uzuri wake. Nawaelewa, lakini nasimama upande wa moto. Mabadiliko wanayoyapenda katika chupa ya miaka mitano, ule ulaini na ile ladha ya zabibu kavu, kwa sehemu kubwa huletwa na kemia ya polepole isiyomtegemea kiumbe hai. Anayelazimika kuwa hai ili afanye kazi humo, na ndiye asiyetakiwa, ni kile kijiti cha zambarau.

Mgema wa Pwani ananisaidia kulieleza hili. Tembo lake asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na baada ya siku chache ni siki. Analijua hilo, mteja wake analijua, na ndiyo maana huuza mapema na kuosha kibuyu chake mapema zaidi. Hajawahi kumwahidi mtu kwamba tembo la leo litakuwa bora zaidi mwaka kesho. Mtengenezaji wa bia ya pipa anatoa ahadi hiyo hasa, na bei yake imo ndani ya ahadi hiyo. Anayeuza muda hana budi kuujibia muda wote, hata baada ya chupa kutoka mlangoni kwake. Kwa hiyo ninaiheshimu hatua ya kumtaja bakteria kwa jina, kueleza ni matoleo gani yaliyoguswa, na kurudisha fedha. Wapo wanaonyamaza na kumwachia mnunuzi adhani ulimi wake ndio mbovu.

Kwa mwenye chupa ya namna hii nyumbani: iweke wima, gizani, mahali pa baridi, maana joto ndilo linaloharakisha kila kitu. Ukiwa nazo kadhaa, fungua moja mapema. Tazama kama kuna utepe mweupe shingoni mwa chupa, nusa, kisha onja kidogo. Ukikuta uchachu ambao lebo haikuutaja, nyingine zilizobaki hazitapona kwa kusubiri. Na kwa anayetengeneza kinywaji chochote, kiwe mbege, mtindi au bia ya mapipa, kazi huanza pale anapoinama kuosha chombo, kabla kitu chochote hakijamiminwa ndani yake.