Kindege cha mpira chini ya dari fupi: mwenye pupa hugonga mwanzo

Kusi ikianza kuvuma, watoto wetu wa Pwani hutoka na tiara zao. Tiara hula upepo, na upepo ukikatika nayo huanguka. Leo nataka kuwaeleza ndugu wasomaji mchezo ulio kinyume chake kabisa: kindege chepesi kinachorushwa ndani ya nyumba, kisichotaka upepo hata chembe, na ambacho injini yake ni mpira uliosokotwa. Milango hufungwa, pangaboi huzimwa, na watu hupunguza hata kutembea.

Mchezo huu ni wa zamani. Tarehe 18 Agosti 1871, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege cha mpira katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Kilikwenda kama mita 40 kwa sekunde 11. Mwaka 1878 Wilbur na Orville Wright, wakiwa bado watoto kule Marekani, waliletewa na baba yao kichezeo kilichopaa kwa mpira, cha namna aliyoibuni Pénaud huyo huyo. Miaka 25 baadaye, 1903, ndugu hao wawili wakarusha ndege yenye injini na mtu ndani yake.

Siku hizi mashindano ya ndani husimamiwa na FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga. Daraja lake maarufu huitwa F1D. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa kindege hakizidi milimita 550. Bila mpira wake, kisipungue gramu 1.4, na mpira wenyewe usizidi gramu 0.4. Karatasi moja ya kawaida ya A4 ina gramu 5, kwa hiyo kindege hicho hakifiki theluthi ya karatasi unayoandikia barua. Hata hivyo mabingwa hukiweka hewani zaidi ya dakika 20. Mashindano ya dunia yamewahi kufanyika ndani ya mgodi wa chumvi wa Slănic, Romania, ambako dari iko zaidi ya mita 50 juu.

Hapa ndipo mtu wa kwetu husema, sisi mgodi huo tuutoe wapi? Jibu ni kwamba hatuuhitaji. FAI hugawa kumbi kwa kimo cha dari, na kila kundi lina rekodi zake. Kundi la kwanza ni la dari zilizo chini ya mita 8. Darasa limo, na bwalo la shule aghalabu limo. Dari fupi ni uwanja halali wenye ufundi wake, na ufundi huo ndio ninaotaka kuueleza.

Mpira uliosokotwa hautoi nguvu sawasawa. Ukiuachia ukiwa umejaa, mwanzo hutoka kwa kishindo. Kisha nguvu hushuka upesi, halafu hutulia kwa muda mrefu, na mwishoni hufifia. Kishindo kile cha mwanzo ndicho humchongea asiyejua. Kindege hupanda kama kilichofukuzwa, hugonga dari, hunasa kwenye taa au boriti, au hupoteza mwelekeo na kuporomoka. Mpira bado una mizunguko mingi, lakini mchezo umekwisha. Mtaka yote hukosa yote.

Nahodha akikutana na upepo mkali hupunguza tanga. Mrushaji naye ana njia zake tatu za kupunguza.

Ya kwanza ni kusokota mpira hadi karibu ujae, kisha kuurudisha nyuma kidogo kabla ya kurusha. Tuseme umesokota mizunguko 1,000, ukarudisha 100. Mtu atauliza, si bora nisokote 900 tangu mwanzo? La, si sawa. Mpira hautoi nguvu yote uliyoutia. Ukiwa kwenye 900 wakati wa kusokota, nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa kuliko ukiwa kwenye 900 hiyo hiyo wakati wa kurudi. Kwa kurudisha, umekata kishindo na bado umebaki na mizunguko mingi.

Ya pili ni kubadili umbo la mpira. Kwa uzito ule ule, mpira mwembamba na mrefu hukubali mizunguko mingi zaidi na hutoa nguvu ndogo zaidi kwa wakati mmoja. Mpira mnene na mfupi humaliza haraka. Lakini ukiwa mwembamba kupita kiasi, kindege hakitapanda kabisa. Kipimo hupatikana kwa kujaribu.

Ya tatu ni propela. Propela ambayo mapanga yake yamelazwa zaidi kuelekea mbele husonga hatua ndefu kwa kila mzunguko, na kwa hiyo huzunguka polepole na kuutumia mpira kwa uchoyo. Mabingwa huwa na propela inayojibadilisha yenyewe: nguvu ikizidi, mapanga hugeuka yakaimeza; nguvu ikipungua, hurudi.

Kindege hutengenezwa kizunguke kwa duara, kisizifikie kuta. Kikikengeuka, sheria humruhusu mrushaji kukielekeza taratibu kwa puto lililofungwa uzi.

Kusokota nako kuna adabu yake. Mpira hupakwa kilainishi, huvutwa mara kadhaa ya urefu wake, kisha husokotwa huku ukirudishwa ndani polepole. Kekee ya mkono yenye kulabu hufanya kazi hiyo vizuri. Anza na mizunguko michache, uandike daftarini: mizunguko mingapi, kilifika wapi, sekunde ngapi. Ongeza kidogo kidogo hadi kindege kifike chini kidogo ya dari, kielee hapo, kisha kishuke kama unyoya.

Kwa nini nayaandika haya? Kwa sababu watoto wetu hufundishwa nishati, nguvu na msuguano kwa kukariri, nasi huwa wepesi kusema shule haina maabara. Darasa lenye dari fupi, vijiti vyepesi, karatasi laini na mpira wa kufungia noti vinatosha kuanzisha somo. Kindege cha kwanza kitakuwa kizito na kitaanguka baada ya sekunde chache. Mwalimu asimwambie mwanafunzi jibu. Ampe saa na daftari, amwache ajue mwenyewe kwa nini mizunguko michache imempa sekunde nyingi. Mtoto aliyeligundua hilo kwa mikono yake hatalisahau siku ya mtihani.