Baruti mpya ni kuku mgeni: Jinsi walenga shabaha wa masafa marefu wanavyoipima kabla ya kuiamini

MASHABIKI wa ulengaji shabaha wa masafa marefu nchini Marekani na Ulaya wamekuwa wakikabiliwa na tatizo ambalo wengi wao hawakulitarajia. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka wa 2022, viwanda vya silaha vimekuwa vikigombania nitroselulosi, ile malighafi inayotokana na pamba au nyuzi za miti iliyotiwa asidi, na ambayo ndiyo kiini cha baruti zote za kisasa. Mikebe ya baruti waliyoizoea walenga shabaha ikawa adimu madukani, na bei ikapanda.

Kuvunjika kwa koleo, hata hivyo, si mwisho wa uhunzi. Anayekosa baruti aliyoizoea hulazimika kujaribu nyingine. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika kazi hii mwenye kuisahau kamba hiyo aweza kupoteza macho, vidole au hata uhai.

Ni vyema kueleza kwanza ni kwa nini mtu ajitengenezee risasi ilhali zinauzwa dukani. Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa chenyewe kinachoruka. Katika mashindano ya yadi 1,000, yaani karibu mita 914, mlengaji hutaka kila risasi iwe pacha wa mwenzake. Risasi za kiwandani hutengenezwa ili zifae bunduki zote za aina moja. Anayejipakia mwenyewe huilinganisha risasi na bunduki yake peke yake.

Kasi ndiyo roho ya mchezo huu. Chukua mfano wa risasi ya .308 Winchester yenye kichwa cha gramu 11 hivi, inayotoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 790 kwa sekunde. Ikipungua kasi hiyo kwa mita 3 tu kwa sekunde, risasi itaangukia karibu sentimita 8 chini zaidi ikifika yadi 1,000. Nayo duara ya alama 10 katika mashindano ya F-Class ya Marekani ina upana wa sentimita 25 hivi. Kwa hivyo, baruti isiyotoa kasi sawa humwangusha hata mlengaji hodari kabla hajagusa kifyatulio.

Baruti isiyofuka moshi ilivumbuliwa na mwanakemia Mfaransa, Paul Vieille, mwaka wa 1884. Kabla yake, dunia ilitegemea baruti nyeusi ya makaa, shura na kibiriti, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na moshi. Uvumbuzi huo uliyapa majeshi masafa marefu, lakini ulikuwa na gharama yake. Baruti hiyo ya Kifaransa ilikuwa ikioza ghalani. Manowari Iéna ililipuka bandarini Toulon mwaka wa 1907, na manowari Liberté ikafuata papo hapo Toulon mwaka wa 1911, mamia ya watu wakaangamia katika mikasa hiyo miwili. Tangu hapo, watengenezaji hutia kemikali za kuzuia uozo, kama vile difenilamini. Hata hivyo, mkebe unaotoa harufu kali ya asidi au mvuke wa rangi ya hudhurungi haufai kutumiwa hata kidogo.

Je, mwenye mkebe mpya huanzia wapi? Jibu la wataalamu ni moja: kitabu cha vipimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi. Kitabu hicho huonyesha kipimo cha chini cha kuanzia na kipimo cha juu kisichopaswa kupitwa, kwa kila aina ya ganda na kila uzito wa kichwa. Vipimo hupatikana maabarani kwa mitutu maalumu ya kupimia kanieneo. Nchini Marekani, mipaka huwekwa na SAAMI, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1926. Kwa risasi ya .308 Winchester, kanieneo ya juu inayoruhusiwa ni karibu mara 2,000 ya upepo uliomo ndani ya gurudumu la gari dogo. Nguvu kama hizo hazikadiriwi kwa macho.

Majina nayo yana mitego. Baruti ya IMR 4831 na ile ya H4831 zina tarakimu zilezile, lakini ya kwanza huungua kwa haraka zaidi. Atakayetumia kipimo cha H4831 huku mkononi ana IMR 4831 aweza kuipasua bunduki. Ndiyo maana kanuni ya kwanza mezani ni kuwa na mkebe mmoja tu wa baruti kwa wakati mmoja. Kanuni ya pili ni kutochanganya kamwe baruti mbili, hata zikifanana rangi na umbo.

Baada ya hapo, mjaribu hupanda ngazi pole pole, akiongeza kiasi kidogo sana kwa kila hatua. Kila anapofyatua, hulikagua ganda. Fataki iliyobapa, alama zinazong'aa kwenye kitako cha ganda, au mkono wa kufungulia bunduki unaokuwa mzito, zote ni dalili za kanieneo iliyozidi. Aonapo mojawapo, husimama na kurudi nyuma. Lakini kutoonekana kwa dalili si cheti cha usalama, kwani mara nyingi dalili hizo hujitokeza baada ya mpaka kukwisha kuvukwa. Wala si salama kupunguza baruti kupita kipimo cha chini kwa kudhani kwamba kidogo hakidhuru. Baadhi ya baruti zinazoungua polepole zimehusishwa na mipasuko ya bunduki zilipotiwa kiasi haba.

Hatua inayofuata ni kupima kasi kwa kronografu, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Wapo wanaofyatua risasi tatu, wakaona kasi zimekaribiana, wakashangilia. Hisabati haiwaungi mkono. Tuseme kasi za baruti fulani hutawanyika kwa mchepuko wastani wa mita 3 kwa sekunde. Kwa wastani, risasi tatu zitaonyesha tofauti ya mita 5 tu kati ya iliyo ya haraka zaidi na iliyo ya polepole zaidi. Risasi 20 za baruti iyo hiyo zitaonyesha tofauti ya karibu mita 11. Katika yadi 1,000, tofauti ya kwanza ni kama sentimita 13, nayo ya pili ni kama sentimita 30, yaani nje ya ile duara ya alama 10. Baruti haikubadilika, kilichobadilika ni subira ya mpimaji.

Ni kwa sababu hiyo ambapo mbinu ya "ngazi", inayohusishwa na mlengaji Mmarekani Creighton Audette, inahitaji uangalifu. Katika mbinu hiyo, risasi moja hufyatuliwa kwa kila kipimo, kisha mjaribu hutafuta mahali ambapo matundu yamesongamana kwenye shabaha. Msongamano huo waweza kuwa siri ya bunduki, au bahati tupu. Njia ya kutofautisha hayo mawili ni kurudia jaribio siku nyingine. Kikwazo ni kwamba mtutu wa mashindano hudumu kwa risasi elfu chache tu, na kila jaribio hula sehemu ya uhai wake.

Kisha kuna joto. Baruti isiyotiwa kinga yaweza kubadili kasi kwa nusu mita kwa sekunde, au zaidi, kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Mtu akiipima kwenye baridi ya Limuru kisha akaitumia kwenye jua la Lodwar, penye digrii 20 zaidi, kasi itapanda kwa mita 10, na risasi kupita robo mita juu ya alipolenga. Lililo zito zaidi ni kuwa kanieneo nayo hupanda, na kipimo kilichokuwa salama asubuhi kikawa hatari adhuhuri. Baruti zinazostahimili joto, zikiwemo zinazotengenezwa Mulwala nchini Australia, hutafutwa sana kwa sababu hiyo. Hata hizo hupimwa upya kila mkebe unapotoka katika toleo jingine la kiwanda, kwani matoleo hayalingani kabisa.

Kwa msomaji wa Kenya, umiliki wa bunduki na risasi unasimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na anayemiliki bila cheti huvunja sheria. Kazi iliyoelezwa hapa ni ya wenye leseni, mizani sahihi, miwani ya kukinga macho na daftari. Katika daftari hilo huandikwa tarehe, joto la siku, namba ya toleo la baruti, kipimo na kasi ya kila risasi, hata zile zilizomvunja moyo mpimaji. Matokeo yasiyopendeza yakifutwa, atakayeisoma daftari hiyo mwaka ujao ataamini baruti ambayo haijawahi kuwepo.