Usiiamini Nukta Kabla ya Kuuliza Ilikotoka

Makumbusho ya Ulaya yamehifadhi ndege, wadudu na makombe ya karne ya 19 yenye kibandiko “Zanzibar”, na baadhi ya viumbe hao hawakuwahi kuishi Unguja. Walikusanywa bara, wakateremshwa pwani na misafara, wakasafirishwa kupitia bandari ya Unguja. Jina la bandari likabaki kwenye kibandiko. Leo mtu akikinakili kwenye kompyuta na kukipa latitudo na longitudo za kisiwa, kosa la zamani linavaa sura ya usahihi: tarakimu tano za desimali, zote za uongo.

Kwa hiyo ukifungua GBIF, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe iliyoanzishwa 2001, yenye makao Copenhagen, usianze na nukta za ramani. Soma kumbukumbu yenyewe. Nani alimwona mnyama, lini, na ushahidi uko wapi: ngozi kabatini, mmea uliokaushwa, picha, sauti? Angalia pia kiwango cha shaka ya mahali. Nukta yenye shaka ya kilomita 30 mara nyingi haiwezi kukuambia kama mnyama yumo hifadhini au yuko nje. Zile zinazoelea Ghuba ya Guinea ni za kuchekesha tu: ndipo latitudo sifuri na longitudo sifuri zinapokutana, mtu alisahau kujaza. Shaka nyingine si kosa: kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu hupakia picha za viumbe, mahali pa viumbe wengi walio hatarini hufichwa makusudi, majangili wasifike.

Na maneno ya wenyeji? Hapa wataalamu huponzwa na dharau. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Rungwe, kusini mwa Tanzania, walisikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja kima aitwaye kipunji. Masimulizi peke yake hayakutosha, lakini ndiyo yaliyowaonyesha pa kutafuta. Kipunji alitangazwa kisayansi 2005, kielelezo chake rasmi kikiwa picha, si mwili wa mnyama, jambo lililozua ubishi. Kisha mmoja akafia mtegoni katika shamba la mahindi. Vinasaba vikapimwa, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Mtego wa mkulima ulikata sehemu kubwa ya maneno.

Nawe ukipiga picha ya kiumbe usiyemjua, andika siku hiyo hiyo tarehe, kijiji, kitongoji, na mto au kilima kilicho karibu. Kama mahali una shaka napo, andika kwamba una shaka.