Tuandike Daftari ya Ziwa Letu

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la biashara, lakini lilitimia katika Ziwa Victoria, kwa samaki.

Kila mvuvi wa Mwanza amjua furu, samaki mdogo mwenye miiba mingi. Wengi walimdhania kuwa ni wa aina moja. Kumbe wataalamu wakadiria aina zipatazo 500: huyu avunja konokono, yule akwangua mwani mawe­ni, mwingine ala mayai ya wenziwe. Na ajabu ni hii, kwamba ziwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Umati huo wote ulijitenga aina kwa aina katika muda ambao, kwa umri wa dunia, ni kufumba na kufumbua macho.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alitiwa ziwani ili kuongeza kitoweo. Hatukatai kwamba ameleta fedha na viwanda. Lakini katika miaka ya 1980 aliwala furu kupita kiasi, na aina nyingi zikatoweka hata kabla hazijapewa majina.

Wala sangara si adui wa pekee. Yuko furu aliyepewa jina la kitaalamu la nyererei mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake lina mgongo mwekundu. Dume la jamaa yake wa karibu, pundamilia, ni la samawati. Majike huchagua waume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, kila mmoja humpata wa ukoo wake. Yakichafuka kwa udongo wa mashamba, mbolea na taka za miji, rangi hazionekani tena, na koo mbili huchanganyika zikawa moja. Hivyo aina yaweza kufa bila samaki hata mmoja kuliwa!

Basi mkulima azuiaye udongo wake usichukuliwe na mvua ni mlinzi wa ziwa, ajapokuwa hajatia mguu mtumbwini.

Kurasa nyingi za daftari hiyo ziliandikwa na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliofika Mwanza katika miaka ya 1970. Twawashukuru. Lakini hesabu ya nyumba hapana budi ishikwe na wenye nyumba. Vijana wetu na waisome elimu ya viumbe kwa bidii, maana kilichokwisha kutoweka hakirudi.