Visa Vilivyoachwa Njiani

Redio Tanzania Dar es Salaam ilipoanza kurusha mchezo wa mfululizo wa Twende na Wakati, Julai 1993, aliyeshika masikio ya watu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake wengine njiani. Kisa chake kilikwenda kama kilivyotarajiwa: starehe, kiburi, kisha maradhi. Hadi leo, wataalamu wa mawasiliano wakiueleza mchezo huo humtaja Mkwaju kwanza. Wanaotajwa mwisho, au wasiotajwa kabisa, ni wale waliokuwa wakiishi pembeni mwake: mkewe Tunu, aliyechoka kungoja akaanza kujitafutia riziki, mshonaji aitwaye Fundi Mitindo, na majirani waliokuja, wakasema yao, wakatoweka. Nashikilia kwamba hao wa pembeni ndio waliobeba uzito wa mchezo ule, na kwamba mchezo wowote wa miaka mingi, uwe wa redio au wa televisheni, unastahili kupimwa kwa visa vyake vidogo kabla ya kile kikubwa.

Jambo hili linauhusu mtaa wetu wa Shimanzi, Mombasa, kuliko linavyoonekana. Mkwaju alitungwa Dar es Salaam, lakini kazi yake ni kazi ya mtaa huu. Kwenye magodauni na matangi ya mafuta ya Shimanzi ndiko malori yanakopakia, yakavuka Makupa, yakapita Changamwe na Mariakani, yakashika barabara ya Nairobi hadi Malaba na Kampala. Miaka ya 1990, watafiti waliwapima na kuwafuatilia kwa muda mrefu wanaume walioajiriwa na kampuni za malori mjini Mombasa, ili wajue virusi vya UKIMWI vinaeneaje miongoni mwao. Kazi yao ilikuwa ya maana sana na matokeo yake yamesomwa duniani kote. Hata hivyo, takwimu za namna hiyo haziwezi kusema mke aliyeachwa Majengo alimwambia nini mumewe aliporudi baada ya wiki tatu, wala utingo aliyekuwa bado kijana alijifunza nini kwa kumtazama dereva wake. Hayo husemwa na mchezo wa kuigiza. Na katika mchezo, hayasemwi katika kisa kikuu. Husemwa pembeni, katika dakika mbili tatu za mazungumzo ambazo hakuna anayezikumbuka mwaka ukiisha.

Ili tuelewe kwa nini hazikumbukwi, tuangalie jinsi michezo hii inavyoundwa. Twende na Wakati ilifuata mtindo uliobuniwa Meksiko na mtayarishaji Miguel Sabido, ambaye tamthilia yake ya Acompáñame ilizungumzia uzazi wa mpango mwaka 1977. Kenya iliujaribu mtindo huo mapema: mwaka 1987 kulikuwa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana kwenye redio. Sabido aliwagawa wahusika mafungu matatu. Wako wema, ambao msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba watafanya sawa. Wako waovu, ambao anajua wataanguka. Na katikati wako wenye shaka, wanaovutwa huku na huku, wanaoamua leo na kugeuka kesho. Fungu hili la tatu ndilo lililotungwa ili msikilizaji alifuate, kwa sababu linafanana naye. Lakini mtu wa namna hiyo hana tukio moja kubwa la kushikika akilini. Mwovu huanguka kwa kishindo siku moja, na siku hiyo husimuliwa barazani hadi usiku. Mwenye shaka hubadilika polepole kwa miezi, na hakuna kipindi hata kimoja ambacho mtu anaweza kukionyesha aseme, hapa ndipo alipobadilika. Kwa hiyo kusahaulika kwake kumo ndani ya ufundi wenyewe. Kadiri alivyotungwa vizuri, ndivyo msikilizaji anavyomchukua kama mtu wa kawaida, na watu wa kawaida hatuwawekei kumbukumbu.

Kuna ushahidi unaonisogeza upande huu, nao unatoka Dodoma. Mchezo ulipoanza, mtambo wa Dodoma uliendelea kurusha vipindi vyake vingine hadi 1995, kwa makusudi, ili watafiti waweze kulinganisha mkoa usiosikia mchezo na mikoa iliyousikia. Katika muda huo matumizi ya njia za uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Dodoma ilipoanza kuupata, mabadiliko ya namna ile ile yakaonekana huko pia. Ni nadra utangazaji kupimwa kwa uangalifu kiasi hicho popote duniani, na inafaa Waswahili tujue kwamba upimaji huo ulifanyika kwa mchezo wa lugha yetu. Katika matokeo yale kuna moja ambalo kwangu ndilo kubwa: mume na mke waliousikiliza mchezo walizungumza zaidi wao kwa wao kuhusu idadi ya watoto wanaowataka. Sasa jiulize mazungumzo hayo waliyasikia wapi kwanza. Kuanguka kwa Mkwaju kunaweza kumtia mtu hofu, naye akazima redio akalala na hofu yake. Namna ya kulianzisha neno zito chumbani, bila matusi na bila kuvunjiana heshima, haitoki kwa Mkwaju. Inatoka kwa wanandoa wa kawaida wa mchezo, waliolianza neno hilo, wakashindwa, wakalirudia wiki nyingine.

Anaweza kuja mtu akasema kwamba utafiti ulipima mchezo mzima, haukupima kisa hiki na kile, kwa hiyo sina haki ya kuipa sifa sehemu moja. Ni kweli kwamba hakuna aliyerusha Twende na Wakati bila Mkwaju ili tuone tofauti. Nakubali pia kwamba bila Mkwaju wengi wasingefungua redio kabisa. Yeye ndiye aliyewaita. Lakini kumwita mtu ni kazi moja na kumbadilisha ni nyingine, na kama lililobadilika ni mazungumzo ya nyumbani, basi ni halali kutafuta chanzo chake mahali ambapo mchezo ulionyesha mazungumzo ya nyumbani.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, nalo husemwa na watu wanaozijua tamthilia. Wanasema visa vidogo husahaulika kwa sababu ni vya kujazia muda: mwandishi ana vipindi vingi vya kujaza, kisa kikuu hakiwezi kusogea kila siku, basi anamleta shangazi kutoka Malindi akae mwezi mmoja kisha aondoke. Hili lina ukweli wake. Mfano maarufu ni wa tamthilia ya mchana ya Marekani, All My Children, iliyoanza 1970. Kijana aitwaye Bobby Martin alipanda ghorofani kwenda kusafisha vibao vyake vya kuteleza kwenye theluji, na hakushuka tena. Hakufa, hakusafiri, familia yake iliendelea kula na kugombana chini kana kwamba hakuzaliwa. Mashabiki wamemcheka kwa miaka mingi. Mimi namwona kuwa ushahidi wa jambo jingine: kisa kilichoachwa mara nyingi hakikuachwa kwa sababu ni kibovu. Mwigizaji amepata kazi kwingine, mfadhili amekata fedha, mwandishi mpya ameingia na hampendi mhusika wa mwenzake. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotuambia kama kisa kilikuwa na thamani.

Tena viko visa vilivyopita kimya na thamani yake ni wazi. Mwaka 1962, katika The Guiding Light, tamthilia iliyoanza redioni 1937 na kudumu hadi 2009, mwandishi Agnes Nixon alitaka mhusika aitwaye Bert Bauer aende hospitali apimwe saratani ya mlango wa kizazi. Rafiki yake Nixon alikuwa amekufa kwa saratani ya namna hiyo. Aliruhusiwa, kwa sharti kwamba maneno “saratani” na “kizazi” yasitamkwe hewani. Akaandika kisa kizima bila maneno hayo, na akina mama waliokuwa nyumbani mchana wakaelewa wanaambiwa nini. Katika miaka zaidi ya sabini ya mapenzi, harusi na talaka za mchezo ule, hiki kilikuwa kipande kifupi. Nikiulizwa ni kipande gani kihifadhiwe, sitasita.

Kuhifadhi, bahati mbaya, ndiko kulikoshindikana. Vituo vikubwa vya Marekani na BBC ya Uingereza vilifuta kanda kwa miaka mingi ili vizitumie tena, kwa sababu kanda ilikuwa ghali na hakuna aliyedhani kipindi cha mchana kitatazamwa mara ya pili. Miaka ya mwanzo ya All My Children imepotea karibu yote. Kinyume chake ni Dark Shadows, ya 1966 hadi 1971: kati ya vipindi 1,225 umepotea mkanda wa kipindi kimoja tu, ndiyo maana mtu anaweza leo kukifuata kisa chake kidogo kabisa tangu kilipoanza hadi kilipokatika. Tofauti hiyo ililetwa na uamuzi wa watu, wala si ubora wa hadithi.

Kwetu hatari imebadilika sura. Tamthilia kama Maria, Zora na Sultana, zilizotayarishwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla kwa ajili ya Citizen TV, hazitapotea kwa kufutiwa kanda, ziko mtandaoni. Lakini zinagawanywa kwa namba za vipindi na kwa vipande vya mapenzi ya wahusika wakuu. Mtu anayetaka kujua tamthilia hizo zimewaonyeshaje makuli, mama ntilie au mtoto wa mke wa pili, atalazimika kutazama mamia ya vipindi. Watu watasema hakuna mwenye muda wa kuorodhesha mambo hayo, na kwamba televisheni ni biashara. Lakini waandishi wenyewe tayari wana orodha: hawawezi kuandika kipindi cha leo bila kujua nani alisema nini mwezi uliopita. Karatasi hizo zipo hadi siku uzalishaji unapokwisha, kisha hutupwa. Zipelekwe kwenye nyaraka za taifa, au kwenye idara za Kiswahili za vyuo vikuu, pamoja na barua na ujumbe wa watazamaji. Kinachotakiwa humo ni kifupi kwa kila mhusika, hata yule aliyesema maneno mawili: alikuja lini, alikuwa anataka nini, na kisa chake kiliachiwa wapi.